Darasa la Virusi la Jumamosi, Ganjoni: Maoni ya Muuza Dawa

Kama unauza dawa, unahudumu zahanati au unasomea uuguzi hapa Mombasa, jiandikishe darasa hili. Nalisema mapema kwa ajili ya mwenye haraka. Linafanyika Ganjoni kila Jumamosi asubuhi, ghorofa ya pili, katika chumba ambacho siku nyingine hufundishiwa kompyuta. Ada ni shilingi 3,500 kwa muhula. Somo ni moja tu mwanzo hadi mwisho: namna virusi vya RNA, yaani vile vyenye maagizo ya urithi yaliyoandikwa kwa RNA badala ya DNA, vinavyoingia kwenye seli ya binadamu, vinavyojinakili humo, na vinavyopata protini za kuundia virusi vipya. Malaria haimo, na bakteria hutajwa tu pale wanapohitajika kwa kulinganisha.

Mimi nahudumu duka la dawa upande wa Mwembe Tayari. Mvua zikishanyesha na mbu wakazidi, hupokea watu wenye homa, kichwa kinawagonga, viungo vinawauma, na wengi huwa wameshakata shauri kabla hawajafika kaunta: wanataka antibayotiki. Ukimwambia mtu kwamba haimfai bila kumpa sababu, huona umemnyima tu, na ataipata duka la mbele. Nilitaka sababu ambayo mama mwenye mtoto mgongoni ataielewa kabla matatu yake haijajaa. Darasa hili limenipa hiyo sababu, na mengine mengi ambayo sikuwa nimeyatafuta.

Mwalimu ni mstaafu wa maabara, mtu wa sauti ya chini, na kipindi cha kwanza hakugusa virusi hata kidogo. Alichora seli ya binadamu ubaoni, akaweka kiini, akatia vitone vingi nje ya kiini, kisha akauliza: “Humu ndani, ni nani anayetengeneza protini?” Vile vitone ndivyo ribosomu. DNA hukaa ndani ya kiini, haitoki. Kinachotoka ni nakala ya kipande chake, yaani RNA mjumbe, na ribosomu huisoma nakala hiyo herufi tatu tatu. Kila herufi tatu huleta asidi amino moja, yaani kipande kimoja cha kujengea protini, na kazi huanzia penye herufi AUG. Jambo alilolisisitiza, akalirudia mpaka dada mmoja wa zahanati ya Likoni akacheka, ni kwamba ribosomu haiulizi ujumbe umetoka kwa nani. Ikifikishiwa RNA yenye mwanzo inaoutambua na herufi zilizopangika, itaisoma mpaka ifike penye alama ya kusimama, na protini itatoka.

Hapo ndipo anapogawa shanga. Kila mwanafunzi hupata mfuko wa shanga ndogo za rangi nne pamoja na uzi: nyekundu ni A, kijani ni U, nyeupe ni G, buluu ni C. Unatunga uzi wako, kisha unatunga mwenzake wa kukabiliana nao, A mbele ya U, G mbele ya C. Kuna kadi yenye orodha ya herufi tatu tatu na asidi amino zake. Mtu mzima utajionea haya mwanzoni, umekaa na mfuko wa shanga kama mtoto wa chekechea, lakini baada ya nusu saa meza nzima ilikuwa kimya, kila mtu amezama. Mimi nimesoma haya chuoni kwa maandishi na nikafaulu mtihani, ila kuyashika kwa vidole ni kitu kingine kabisa.

Halafu likaja jambo lenyewe. Kirusi hakina ribosomu, hata moja. Kina jenomu yake, yaani maagizo yake yote ya urithi, na protini zake chache, vingine vina utando wa mafuta juu yake, basi. Protini zote za kirusi zinatungwa na ribosomu zetu sisi. Sasa chukua dawa zilizo kwenye rafu yangu. Doksisaiklini huikamata ribosomu ya bakteria, azithromaisini vilevile ingawa hushika sehemu nyingine, na zote mbili zimekubalika kwa sababu ribosomu ya bakteria ina umbo tofauti na ile kubwa zaidi iliyomo kwenye seli zetu. Amoksilini huzuia bakteria kujenga ukuta wake. Mtu mwenye homa ya dengi ana ribosomu za aina gani zinazotengeneza kirusi? Zake mwenyewe. Ana ukuta gani wa kubomoa? Hakuna. Kwa hiyo dawa inapita tu mwilini, inaua bakteria wazuri wa tumboni, na kuwapa wabaya nafasi ya kuizoea. Siku hizi nikimweleza mteja, naanzia hapo: “Mamangu, hiki kidudu hakina kiwanda chake, kinatumia cha kwako. Hii dawa inapiga kiwanda cha bakteria.” Wengi hunielewa. Wapo wasionisikiliza, lakini hawasemi tena kwamba sikuwapa sababu.

Vipindi vilivyofuata ni vya dengi, na hapa nataka kukaa, kwa sababu ndipo darasa linapong'ara na ndipo penye haja yetu watu wa Pwani. Dengi ilizuka Malindi na Kilifi mwaka 1982, ikaisumbua sana Mombasa mwaka 2013, na imerudi mara kadhaa tangu hapo. Mbu wake ni Aedes aegypti, anayeuma mchana na anayezaa kwenye mtungi, ndoo na tairi kuukuu, si mbu wa malaria wa usiku. Mwalimu hakukaa sana kwa mbu. Alikifuata kirusi ndani.

Kirusi cha dengi hushika juu ya seli, seli yenyewe hukimeza ndani ya kifuko, na kifuko kikiingia asidi, protini ya nje iitwayo E hubadilika umbo na kuunganisha utando wa kirusi na utando wa kifuko. RNA inamwagika kwenye utomvu wa seli. Ni uzi mmoja, wa herufi kama 10,700, na ni uzi chanya: umeandikwa kwa mwelekeo uleule wa RNA mjumbe. Kwa hiyo ribosomu huupokea moja kwa moja. Kirusi hakihitaji kufanya chochote kwanza. Kimeingia, kinasomwa.

Mwalimu akatupa hesabu. Gawa 10,700 kwa tatu. Unapata zaidi kidogo ya 3,560. Lakini protini inayotoka ina asidi amino kama 3,390. Zilizobaki zimekwenda wapi? Tukakokotoa pale pale na simu zetu: ni ncha mbili za uzi, mwanzo na mwisho, ambazo hazitafsiriwi kuwa protini lakini zina kazi ya kuongoza usomaji na unakili. Kilichonifurahisha ni kwamba protini hutoka moja tu, ndefu mno, kisha hukatwa vipande kumi. Vitatu ndivyo mwili wa kirusi: ganda la ndani, prM na E. Saba ni vya kazi, na hivyo ndivyo NS1, NS2A, NS2B, NS3, NS4A, NS4B na NS5. Wakataji ni wa pande mbili. Kuna NS3 ya kirusi ikisaidiwa na NS2B, na kuna vimeng'enya vya seli yetu ambavyo kazi yao ya kila siku ni kukata protini zetu.

Kijana mmoja anayesomea maabara akauliza kwa nini kirusi kisitengeneze protini kumi mbalimbali tangu mwanzo. Swali zuri. Jibu ni kwamba ribosomu zetu, kwa kawaida, huanza mahali pamoja kwenye ujumbe na kumaliza mahali pamoja. Mwenye uzi mmoja na mahali pamoja pa kuanzia atapata protini moja. Kirusi kimeishi na sharti hilo kwa kuitoa ndefu na kuikata baadaye.

NS5 ndiyo niliyoitafakari njia nzima nikirudi. Hii ndiyo polimerasi inayonakili RNA kutoka kwa RNA. Seli ya binadamu hunakili DNA kuwa DNA na DNA kuwa RNA, lakini haina mashine ya kunakili jenomu ya RNA ya kirusi iwe RNA nyingine. Kirusi lazima kije na elimu hiyo chenyewe. Dengi huileta ikiwa imeandikwa tu ndani ya uzi, isubiri ribosomu zetu ziitengeneze. Ikishatengenezwa, inashughulika kwenye utando wa retikulamu, ule mtandao ulio karibu na kiini, ambao kirusi huukunja ukawa vifuko vidogo. Humo NS5 hutunga uzi hasi, ukabiliane na ule chanya, na kwa kuufuata huo hasi hutunga nyuzi chanya nyingi, mara kumi au zaidi ya hasi. Nyuzi chanya mpya nyingine hurudi kwa ribosomu zikasomwe, nyingine zinafungwa kwenye ganda. Kirusi kipya huchukua utando wa retikulamu, hupitia Golgi, kituo cha seli cha kufungashia protini, na huko kimeng'enya cha seli kiitwacho furini huikata prM ndipo kirusi kikomae na kutoka nje.

Tuliyafanya haya yote kwa shanga mezani, kila mtu na kazi yake. Mimi nilikuwa NS5. Mzee mmoja aliyekuwa afisa wa afya wa zamani alikuwa ribosomu na hakukosea hata herufi moja, Mwalimu akamwambia, “Mzee wangu, wewe ungeajiriwa na seli yoyote.”

Kwa sisi wa dukani na maabara, faida ilikuwa NS1. Vipande vya kupima dengi haraka vinatafuta NS1 kwenye damu, na wengi wetu tulivitumia bila kujua NS1 ni nini. Sasa najua: ni moja ya zile protini saba za kazi, seli iliyoambukizwa huitoa kwa wingi kwenye damu, ndiyo maana hupatikana tangu siku za mwanzo za homa, wakati mwili haujatoa kingamwili bado. Kingamwili za IgM huanza kuonekana karibu siku ya nne au ya tano. Mgonjwa wa siku ya pili ukimpima IgM peke yake ukamwambia hana dengi, umempotosha. Mwalimu aliongeza, na mimi naongeza hapa kwa sauti kubwa: mwenye homa anayeshukiwa dengi apewe parasetamoli, asipewe aspirini, aibuprofeni wala diklofenaki, kwa sababu ya hatari ya kuvuja damu. Maduka yetu yanauza diklofenaki kama peremende. Hili linaniuma.

Chikungunya ilifuata, na ilifundishwa kwa kulinganishwa na dengi, njia niliyoipenda. Kirusi hiki kilitambuliwa kusini mwa Tanganyika kwenye mlipuko wa 1952 na 1953, kikaitikisa Lamu mwaka 2004 na Mombasa mwaka huohuo, na kikarudi hapa mwishoni mwa 2017. Nacho ni uzi chanya, herufi kama 11,800, lakini kimepanga mambo kwa zamu mbili. Theluthi mbili za mwanzo husomwa mara tu kinapoingia, zikatoa protini nne za kazi, nsP1 hadi nsP4, na nsP4 ndiyo polimerasi. Theluthi ya mwisho, yenye protini za mwili wa kirusi, ribosomu haiifikii kwenye uzi wa kwanza. Polimerasi kwanza hutunga uzi hasi, kisha kutoka katikati ya huo hasi hutoa RNA fupi ya pili, na hiyo ndiyo ribosomu huisoma. Kwa hiyo mashine za kunakili hutangulia, na vifaa vya kujengea hufuata kwa wingi pale vinapohitajika. Dengi hutoa vyote kwa kipimo kimoja, haina ujanja huo. Virusi viwili vya mbu mmoja, mtaa mmoja, pengine mgonjwa mmoja, na kila kimoja kina utaratibu wake. Nilikaa nikilitazama jedwali la ulinganisho huo hata wenzangu wakashuka kunywa chai.

Kipindi bora kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni cha nyuzi hasi. Mwalimu alikifungua kwa kitendawili. Alisema: “Nikichukua RNA ya dengi, nikaisafisha isibaki na protini hata chembe, nikaitia ndani ya seli, virusi vipya vitatoka? Na nikifanya vivyo hivyo kwa RNA ya surua?” Akatuacha tubishane. Wengi walisema zote zitafanya. Jibu: ya dengi itazaa virusi, ya surua haitazaa kitu.

Shanga zilieleza. Chukua AUG, tunga uzi wake wa kukabiliana, kisha usome kutoka ncha ambayo ribosomu huanzia: ni CAU. Hakuna alama ya kuanza. Uzi hasi ni kivuli cha ujumbe, ribosomu haipati cha kusoma. Lazima kwanza unakiliwe kuwa chanya. Nani wa kuunakili, na seli yetu haina polimerasi hiyo? Haiwezi kutengenezwa na ribosomu, maana maagizo yake bado yako kwenye ule uzi usiosomeka. Kwa hiyo surua, kichaa cha mbwa, Ebola na influenza vyote huja na polimerasi iliyokwishatengenezwa, imefungwa ndani ya kirusi tangu kwenye seli kilikotoka. Ukiisafisha RNA ukaondoa protini, umeondoa ufunguo. Chumba kizima kiliitikia kwa pamoja watu walipoelewa, na mimi nikahisi raha ambayo sijaipata darasani tangu nilipokuwa msichana.

Kichaa cha mbwa kilipewa muda mzuri, na ni haki, kwa kuwa mbwa wasio na wenyewe tunao. Jenomu yake ni kama herufi 12,000 na ina jeni tano kwa mpangilio huu: N, P, M, G, L. Polimerasi huanzia ncha ya N, na kila inapovuka kutoka jeni moja kwenda nyingine, baadhi hudondoka. Matokeo yake protini ya N ni nyingi kuliko zote na L, ambayo ndiyo polimerasi yenyewe, ni chache kuliko zote. Na hivyo ndivyo kirusi kinavyotaka, kwa sababu N inahitajika kuufunika uzi mzima na L haihitajiki nyingi. N zikishajaa na kuanza kuufunika uzi mpya unapotungwa, polimerasi huacha kutoa ujumbe mfupi mfupi na kuunakili uzi wote bila kusimama. Vile vidoa alivyoviona Adelchi Negri kwenye ubongo wa wanyama wenye kichaa mwaka 1903, na ambavyo vimefundishwa maabara miaka na miaka kama alama tu ya ugonjwa, ndimo kazi hii inamofanyika.

Influenza ilipita haraka zaidi ya nilivyotaka. Ina vipande vinane, na tofauti na wenzake hunakiliwa ndani ya kiini. Hukata kofia ya kemikali iliyo mwanzoni mwa RNA mjumbe zetu, pamoja na herufi kumi hadi kumi na tatu, ikazitumia kuanzishia ujumbe wake. Kwa wakati mmoja seli imepoteza ujumbe wake na kirusi kimepata mwanzo unaokubalika na ribosomu. Polio yenyewe haina kofia kabisa, ila RNA yake imejikunja mwanzoni kwa namna inayoivuta ribosomu moja kwa moja, halafu kimeng'enya chake 2A hukikata kiungo cha seli kinachohitajika kusoma ujumbe wenye kofia. Ujumbe wetu unakwama, wa polio unaendelea. Nikiwaona siku hizi watu wa matone wakipita nyumba kwa nyumba, nawaheshimu zaidi.

Korona ilipewa Jumamosi nzima, na niseme kweli, ilichosha kidogo. Kila mtu alikuja na hoja zake za mwaka 2020 na Mwalimu aliwavumilia kupita kiasi. Yaliyo ya maana yalikuwepo: uzi chanya wa herufi karibu 30,000, mrefu kuliko karibu virusi vyote vya RNA vinavyotupata. Kwenye uzi huo kuna mahali ribosomu huteleza nyuma kwa herufi moja, na ikiteleza huendelea kusoma mpaka sehemu yenye polimerasi. Isipoteleza husimama kabla. Na kuna nsp14, kimeng'enya kinachokagua nakala na kuondoa herufi iliyokosewa, kitu ambacho dengi na surua hazina. Bila mkaguzi kama huyo uzi mrefu hivyo ungejaa makosa. Polimerasi za RNA kwa kawaida hukosea mara moja katika kila herufi elfu kumi hadi laki moja, kwa hiyo uzi wa dengi unaweza kutoka na badiliko moja katika kila nakala chache. Kazi ya kusoma herufi za korona ya Kenya ilifanyika hapa jirani, KEMRI-Wellcome Kilifi, na ningependa darasa lipange safari ya kwenda kupaona.

Sasa malalamiko. Kubwa ni VVU. Vimebanwa kwenye nusu ya kipindi cha mwisho, pamoja na rotavirusi, homa ya Bonde la Ufa na maswali ya mtihani, na haikuwa haki. Hivi ni virusi vya RNA vyenye njia ya peke yake: uzi wa herufi kama 9,700, mbili ndani ya kila kirusi, havisomwi na ribosomu vinapoingia bali hugeuzwa kuwa DNA na kimeng'enya ambacho Howard Temin na David Baltimore walikitambua kila mmoja kivyake mwaka 1970, wakapewa Nobel mwaka 1975. Kimeng'enya cha pili, integrasi, huipachika DNA hiyo kwenye DNA yetu. Kutoka hapo seli hutoa ujumbe wa kirusi kama inavyotoa wake wenyewe, na hiyo ndiyo sababu mgonjwa hawezi kuacha vidonge. Wateja wangu wengi wanameza TLD, kidonge kimoja cha VVU chenye dawa tatu. Tenofovia na lamivudini huzuia ule ugeuzaji wa RNA kuwa DNA, na dolutegravia huzuia upachikaji. Hapa ndipo elimu yote ya muhula ingeshikana na kidonge kilicho mkononi mwa mtu, na tulipewa dakika chache. Nimewaandikia nikawaomba wakipe kipindi kizima na waipunguze korona.

Interferoni, protini ambayo mwili hutoa kupambana na virusi, nayo ilistahili zaidi. Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliigundua London mwaka 1957. Uzi chanya na hasi vinapokaa pamoja wakati wa kunakili, hutokea RNA ya nyuzi mbili ndefu, na seli zetu zina walinzi wanaoitambua kuwa si yetu. Hutoa interferoni kuonya majirani, na moja ya hatua wanazochukua ni kuzizuia ribosomu zote zisianze kazi, ujumbe uwe wetu au wa kirusi. Uchovu na maumivu ya mwili ya siku za mwanzo hutokana kwa sehemu na interferoni hiyo, yaani na mwili wenyewe unaopigana. Wateja hulipenda sana hili. Mzee mmoja aliniambia, “Kumbe naumwa na dawa yangu mwenyewe, mwanangu.” Si mbali na ukweli.

Mengine ni ya kawaida. Chumba kina pangaboi mbili na moja haizunguki. Keti upande wa dirishani. Stima ikipotea, projekta inazimika lakini Mwalimu hasimami, anaendelea na ubao na shanga, na pengine vipindi hivyo ndivyo bora. Karatasi wanazogawa ni fotokopi ya fotokopi, michoro ya retikulamu imekuwa doa jeusi tupu. Kwa ada ile wanaweza kufanya vizuri zaidi. Anafundisha kwa Kiswahili kizuri, na istilahi za Kiingereza ziko pembeni kwa wanaokwenda kufanya mitihani. Cheti wanachotoa hakina alama za CPD, yaani za elimu endelevu ya kitaaluma, na nilipouliza walinijibu wazi bila kuzunguka, nikawashukuru kwa hilo. Anayetafuta alama asiende. Wanawake wenye watoto wachanga wanakaribishwa nao, tulikuwa na mmoja aliyelala kwenye leso chini ya meza karibu muhula mzima.

Mtu asiye na sayansi ya sekondari atapata shida vipindi viwili vya mwanzo, lakini Mwalimu hubaki saa nzima baada ya darasa na hamchekelei mtu. Ukikosa Jumamosi yoyote, usiikose ile ya nyuzi hasi.

Muhula mpya hufunguliwa Januari, Mei na Septemba. Meza ni chache, kwa hiyo majina hufungwa mapema, na hujiandikishi kwa simu: unafika mwenyewe Ganjoni siku ya Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Nusu ya ada hulipwa siku hiyo, nusu ya pili katikati ya muhula.